Kibao cha Duka la Oppermann: Biashara, Ubaguzi na Ufashisti Katika Riwaya ya Lion Feuchtwanger

Swali la darasani

Katika darasa moja la elimu ya siasa tulisoma pamoja riwaya ya mwandishi Mjerumani, Lion Feuchtwanger, iitwayo Die Geschwister Oppermann, yaani Ndugu wa Nyumba ya Oppermann. Tuliisoma kwa mafungu, sisi tukieleza kwa Kiswahili yale yaliyoandikwa kwa lugha ya kigeni. Tulipofika mahali ambapo wenye duka wananyang'anywa duka lao, ndugu mmoja wa kozi alisimama akauliza: "Ndugu Mkufunzi, hawa si mabepari? Walikuwa na maduka, walikuwa na majumba, walikuwa na watumishi. Aliyenyang'anywa ni mnyonyaji na aliyenyang'anya ni mnyonyaji. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Sisi wavuja jasho yatuhusu nini?"

Darasa lilicheka, na wengine wakapiga makofi. Tulilijibu swali lile kwa haraka, na jibu letu halikumtosheleza yule ndugu. Kusema kweli halikututosheleza hata sisi wenyewe. Makala hii ni jibu letu la pili. Tutaichambua riwaya, tutaonyesha nguvu yake na kasoro zake, kisha tutarudi kwenye swali.

Mwandishi na wakati wake

Feuchtwanger alizaliwa München mwaka 1884, katika ukoo wa Kiyahudi uliokuwa na kiwanda cha majarini. Kwa hiyo maisha ya wafanyabiashara wa Kiyahudi wa Ujerumani hakuyasoma vitabuni, bali aliyala na kuyanywa. Mafashisti wa Hitler waliposhika serikali tarehe 30 Januari 1933, yeye alikuwa Marekani akitoa mihadhara. Nyumba yake ya Berlin ilivamiwa na kuporwa. Tarehe 10 Mei mwaka huo vitabu vyake vilikuwa miongoni mwa vile vilivyochomwa moto hadharani, na mwezi Agosti alivuliwa uraia. Alihamia Sanary, kusini mwa Ufaransa, akaiandika riwaya hii huko, na mwaka uleule wa 1933 ikachapishwa Amsterdam na nyumba ya Querido, iliyokuwa ikichapisha maandishi ya Wajerumani waliokimbia kwao.

Ni lazima msomaji azingatie tarehe hizo. Riwaya hii iliandikwa kabla ya sheria za ubaguzi za Nürnberg za mwaka 1935, kabla ya usiku wa moto wa Novemba 1938, na kabla ya mauaji ya Wayahudi milioni sita. Mwandishi hakujua mwisho wa mambo. Aliuona mwanzo tu, akauandika papo kwa papo, kama mtu anayepiga mbiu wakati nyumba ndiyo kwanza inatoa moshi. Wengi wetu tunaujua ufashisti kwa mwisho wake, yaani makambi na tanuri. Tusipoujua kwa mwanzo wake, hatutautambua utakapobisha hodi mahali pengine.

Hadithi kwa kifupi

Riwaya inaanza Novemba 1932, Berlin. Babu Immanuel Oppermann alianzisha biashara ya samani. Siri ya mafanikio yake ilikuwa kuuza samani zilizotengenezwa kwa wingi viwandani, kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida angeimudu. Picha ya uso wake ndiyo alama ya biashara ya kampuni. Wajukuu wake ni wanne. Martin anaiendesha biashara. Edgar ni daktari wa koo mwenye sifa kubwa. Gustav, anayetimiza miaka 50 riwaya inapoanza, anapenda vitabu na raha, na anaandika maisha ya mwandishi Lessing. Klara ameolewa na Jacques Lavendel, Myahudi aliyetoka Ulaya ya Mashariki, mwenye uraia wa Marekani na akili ya kuona mbali.

Dhidi yao amesimama Heinrich Wels, fundi na mwenye karakana ya samani, aliyekasirika kwa miaka mingi kwa sababu bei za Oppermann zinamshinda. Wels amejiunga na mafashisti. Chini yao yuko Markus Wolfsohn, mwuza duka wa Oppermann, mtu wa mshahara, anayekaa katika nyumba ya kupanga pamoja na mke na watoto. Jirani yake, Zarnke, naye ni fashisti, na anaitamani nyumba ile kwa ajili ya shemeji yake.

Mambo yanaharibika hatua kwa hatua. Kwanza jina la kampuni linabadilishwa. Martin anaona ni busara kuondoa jina la Kiyahudi mlangoni na kuweka "Deutsche Möbelwerke", Kampuni ya Samani ya Ujerumani. Halafu anaanza mazungumzo na Wels ili waungane. Akina Oppermann wanachelewa kwa kiburi, na kila wanapochelewa masharti yanazidi kuwa mabaya, hadi siku ambayo Wels hasikilizi tena bali anaamuru.

Berthold, mtoto wa Martin mwenye umri wa miaka 17, anapata mwalimu mpya, Vogelsang, ambaye ni fashisti. Kijana anaambiwa azungumze darasani juu ya Hermann, shujaa wa kale wa Wajerumani aliyewapiga Warumi. Anajaribu kupima kwa akili kama vita vile vilileta faida ya kudumu. Kwa hilo anaitwa msaliti wa taifa, na anatakiwa aombe radhi hadharani. Mkuu wa shule ni mtu mwema lakini mwoga. Wazee wa ukoo wanashauriana. Wengi wanaona ni afadhali kijana aombe radhi tu, yaishe. Berthold haombi. Anajitoa uhai.

Wolfsohn anawekwa ndani kwa kusingiziwa kwamba alishiriki kuchoma jengo la Bunge la Reichstag, lililoungua tarehe 27 Februari 1933. Edgar anafukuzwa hospitalini. Martin anakamatwa na kuteswa. Gustav anakimbilia Uswisi, lakini kisha anarudi Ujerumani kwa pasipoti ya mtu mwingine ili ashuhudie ukweli. Anakamatwa, anapelekwa kambini, na anafariki muda mfupi baada ya kutolewa.

Nguvu ya riwaya

Nguvu ya kwanza ni kwamba Feuchtwanger haonyeshi ubaguzi kama wazimu ulioanguka kutoka mbinguni. Anaonyesha kwamba kila tendo la ubaguzi lina mtu anayenufaika nalo. Hebu tuyapange:

(a) Wels anawachukia Wayahudi, lakini zaidi ya hayo anataka soko la Oppermann.

(b) Zarnke anaimba nyimbo za taifa, lakini anachokitaka ni vyumba vitatu vya Wolfsohn.

(c) Vogelsang anasema anautetea utukufu wa Ujerumani, lakini kwa njia hiyo anapanda cheo na kumweka mkuu wake mfukoni.

(d) Madaktari wasiofikia elimu ya Edgar wanaona nafasi yake ikiachwa wazi.

Ubaguzi hapa ni kama kitambaa kilichofunika kapu. Juu yameandikwa maneno makubwa ya damu, asili na heshima ya taifa. Ukifunua chini, unakuta duka, nyumba, cheo na mshahara. Haya ni mafunzo ya msingi kwa kada yeyote. Anaposikia watu wa kabila fulani, dini fulani au rangi fulani wakitangazwa kuwa adui, asiulize kwanza kama tuhuma ni za kweli. Aulize: nani ataingia katika nyumba yao?

Nguvu ya pili ni namna anavyoonyesha udhaifu wa mfanyabiashara. Martin si mtu mbaya. Ni mwungwana, anawajali wafanyakazi wake, anaipenda nchi yake. Lakini ana mazoea ya dukani: kila jambo lina bei yake, na bei huzungumzwa. Anadhani na ufashisti pia utazungumzwa. Anatoa jina ili aokoe duka, kisha anatoa sehemu ya duka ili aokoe iliyobaki, kisha hana cha kutoa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Martin alikuwa akiubomoa ukuta wake mwenyewe, tofali moja moja, na kumkabidhi mvamizi mlangoni, akitumaini kwamba mvamizi atachoka kubeba.

Kinyume chake ni kijana Berthold. Naye aliambiwa atoe kitu kidogo tu, yaani maneno machache ya kuomba radhi. Wengine walidhani ni kitu kidogo. Yeye aliona kwamba anatakiwa akiri kuwa kufikiri ni kosa. Hatuwafundishi vijana wetu kujiua. Kifo chake ni hasara tupu, na mwandishi hakifanyi kuwa sherehe. Lakini ni lazima tukiri kwamba katika nyumba nzima ya Oppermann, mtoto ndiye aliyetambua mapema zaidi kile alichokuwa akiombwa.

Nguvu ya tatu ni vitu vidogo. Wolfsohn ana doa la unyevu ukutani mwake, na kwa muda mrefu amekuwa akimwomba mwangalizi wa nyumba alishughulikie. Nchi inaungua, yeye anawaza doa. Msomaji anacheka, kisha anajiuliza: na sisi doa letu ni lipi?

Kasoro za riwaya

Hata hivyo hatuwezi kuipokea riwaya hii bila kuikosoa. Tuna mambo mawili makubwa.

La kwanza, riwaya inawaonyesha mafashisti kuwa ni watu wadogo: fundi wa samani, mpangaji, mwalimu wa shule. Mabepari wakubwa wa viwanda na makabaila wa mashamba wanatajwa kwa kupita tu, wala hakuna hata mmoja wao anayepewa nafasi ya mhusika tunayemfuata nyumbani kwake kama tunavyomfuata Wels. Historia inasema vingine. Tarehe 20 Februari 1933, wiki moja kabla ya Reichstag kuungua, Hitler aliwakutanisha wakuu wapatao 25 wa viwanda na mabenki katika makao ya Göring. Gustav Krupp alikuwepo. Hitler aliwaahidi mwisho wa siasa za vyama na mwisho wa Umaksi, na wao wakaahidi marki milioni tatu kwa ajili ya uchaguzi. Mkutano huo ulikuwa wa siri na ulijulikana kwa ushahidi uliotolewa baada ya vita, kwa hiyo hatumlaumu mwandishi kwa kutoujua. Lakini msomaji wa leo ni lazima aukumbuke, la sivyo atadhani kwamba ufashisti ulizaliwa karakanani kwa Wels.

Tena, Wels mwenyewe alidanganywa. Programu ya chama cha Hitler ya mwaka 1920, kifungu cha 16, iliahidi kwamba maduka makubwa yatachukuliwa mara moja na kukodishwa kwa bei nafuu kwa wafanyabiashara wadogo. Walipopata dola, nini kilitokea? Tutazame kampuni ya Hermann Tietz, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za maduka Ujerumani, mali ya ukoo wa Kiyahudi. Mwaka 1933 ilielemewa na madeni. Maduka yake hayakugawiwa kwa mafundi wala kwa wachuuzi. Mabenki yaliyoidai yaliikopesha kwa idhini ya Hitler, wenye mali wakasukumwa nje, na kufikia 1934 kampuni ilikuwa mikononi mwa wengine. Ikaitwa Hertie, jina lililokatwa kutoka "Hermann Tietz". Hata jina la aliyeporwa lilitumika, mradi yeye mwenyewe asionekane.

La pili, wafanyakazi. Katika riwaya hii ya kurasa nyingi, tabaka la wafanyakazi lenye vyama liko mbali, na linasikika zaidi mwishoni, katika kazi ya siri ya wapinzani. Mwezi uleule riwaya inapoanza, Novemba 1932, ulifanyika uchaguzi. Chama cha Hitler kilipata kura chini ya milioni 12. Wasoshalisti na Wakomunisti kwa pamoja walipata zaidi ya milioni 13. Lakini hawakuwa pamoja. Wakomunisti waliwaita Wasoshalisti mafashisti wa namna nyingine, na Wasoshalisti waliwaogopa Wakomunisti kuliko walivyomwogopa Hitler. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Ujerumani ilisoma methali hiyo kwa damu. Mwandishi aliyetoka katika ukoo wenye kiwanda aliandika alichokijua vizuri zaidi, na hilo si dhambi. Ni kazi yetu wasomaji kujaza nafasi aliyoiacha.

Yaliyofuata baada ya kitabu

Feuchtwanger aliishia kiangazi cha 1933. Tuendelee kidogo mahali alipoachia.

Mwaka 1933 Ujerumani ilikuwa na Wayahudi kama 500,000, yaani chini ya mtu mmoja katika kila 100, na biashara za Kiyahudi zilikuwa kama 100,000. Tarehe 1 Aprili mwaka huo askari wa mashati ya kahawia walisimama milangoni mwa maduka yao kuwazuia wanunuzi. Siku sita baadaye ilitoka sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika utumishi wa serikali. Kufikia Aprili 1938 biashara zilizobaki zilikuwa chini ya 40,000. Nyingine zilifungwa, nyingine ziliuzwa kwa bei ya kutupa, muuzaji akiwa hana hiari. Mabenki makubwa, Deutsche Bank na Dresdner Bank yakiwamo, yalishiriki katika mauzo hayo na kupata faida. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938 maduka kama 7,500 yalivunjwa, mamia ya masinagogi yakachomwa, na wanaume kama 30,000 wakapelekwa makambini. Kisha Wayahudi wenyewe wakatozwa faini ya marki bilioni moja! Tarehe 12 Novemba ilitolewa amri ya kuwaondoa kabisa katika biashara.

Safari iliyoanzia kwenye kibao cha duka haikuishia dukani. Mtu aliyekwisha kunyang'anywa jina, duka, kazi na nyumba, alibakiwa na mwili wake, na mwili nao ukaingizwa katika hesabu za faida. Kampuni ya kemikali ya I.G. Farben ilijenga kiwanda chake karibu na Auschwitz kuanzia 1941, na wafungwa wa kambi ya Monowitz walifanyishwa kazi humo hadi kufa. Gesi ya Zyklon B iliyotumika kuwaulia watu iliuzwa na kampuni ambayo I.G. Farben ilikuwa na hisa ndani yake. Baada ya vita wakuu 13 wa I.G. Farben walitiwa hatiani, mwaka 1948, lakini kifungo kirefu kabisa kilikuwa miaka minane. Alfried Krupp alihukumiwa miaka 12 mwaka huohuo. Mwaka 1951 aliachiliwa na kurudishiwa mali yake. Ilibidi kungoja hadi mwaka 2000 ndipo serikali na makampuni ya Ujerumani yaanzishe mfuko wa marki bilioni 10 kwa ajili ya watu waliofanyishwa kazi ya kulazimishwa. Wakati huo wengi wao walikwisha kuzikwa.

Tunarudi kwenye swali

Sasa tumjibu ndugu yetu. Aliuliza: kama aliyeporwa ni bepari, mvuja jasho yamhusu nini?

Jibu la kwanza: tazama mali ilikwenda wapi. Je, duka la Oppermann lilikuwa mali ya umma? Wafanyakazi wake walipata sauti zaidi? Hapana. Lilitoka mkononi mwa bepari mmoja likaingia mkononi mwa mwingine, na mirija ikabaki palepale. Kutaifisha ni kubadilisha uhusiano kati ya mali na umma. Kumpora mtu kwa sababu ya asili yake ni kubadilisha jina la mwenye mali tu. Hapa Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, mabenki na makampuni makubwa yalipotaifishwa, Mwalimu Nyerere aliandika mwezi uleule kuonya kwamba ujamaa si ubaguzi wa rangi. Hakuandika kwa kujifurahisha. Alijua kwamba wako waliopiga makofi kwa sababu mbaya. Na mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda na maduka yao kugawiwa kwa askari na marafiki, Afrika Mashariki iliona kwa macho yake jinsi akina Wels wanavyotajirika bila mkulima kupata hata kipande cha sabuni.

Jibu la pili: tazama nani alitangulia jela. Kambi ya Dachau ilifunguliwa Machi 1933, na wafungwa wake wa kwanza walikuwa hasa Wakomunisti, Wasoshalisti na viongozi wa wafanyakazi. Tarehe 2 Mei 1933, siku moja baada ya sikukuu ya wafanyakazi, ofisi za vyama vya wafanyakazi zilivamiwa nchi nzima, na viongozi wakakamatwa. Katika riwaya yenyewe, anayesingiziwa kuchoma Reichstag ni Wolfsohn, mtu wa mshahara. Mkono uliovunja dirisha la Oppermann ndio uliovunja chama cha mfanyakazi. Kwa hiyo, ndugu, mfano wako wa panzi na kunguru haukufaa. Panzi walikuwa wengi kuliko ulivyodhani, na sisi tulikuwa miongoni mwao.

Jibu la tatu linatuuma sisi wenyewe. Siku ile darasani, wakati wengine wanacheka, tulikuwa na haraka ya kuwagawa watu katika mafungu yao ya kitabaka na kufunga daftari. Uchambuzi wa kitabaka ni taa. Inatuonyesha Krupp aliyejificha nyuma ya Wels. Lakini taa haikuwekwa ili mtu aitazame mpaka apofuke asimwone kijana wa miaka 17 anayelia chumbani. Mjamaa anayeshindwa kumwonea uchungu Berthold kwa sababu baba yake ana duka, amekwisha kuchukua hatua moja kuelekea kwa Vogelsang, kwa kuwa naye amempima mtoto kwa ukoo wake.

Hitimisho

Riwaya hii haina budi kusomwa na makada, walimu na viongozi wa wafanyakazi. Kasoro yake ni kwamba inawaonyesha waliovunja mlango bila kutupeleka kwa waliolipia nyundo. Sifa yake, ambayo vitabu vingi vya nadharia havina, ni kuonyesha jinsi uovu mkubwa unavyoingia kwa mambo yanayoonekana madogo: jina linalobadilishwa, nyumba inayotamaniwa, radhi inayodaiwa.

Ndugu aliyeuliza swali lile alikwisha kumaliza kozi na kurudi kwao kabla jibu hili halijakamilika. Tunaliandika hapa kwa ajili yake, na kwa ajili ya wote waliocheka siku ile. Atakapoona mahali pake pa kazi au mtaani kwake kibao cha jirani kinateremshwa kwa sababu ya asili ya mwenye kibao, asingoje kujua jirani yule ana mali kiasi gani. Asimame wakati huohuo, kabla kibao kipya hakijapigwa misumari.